Kiungo cha Kumi na Saba

Gereji ya Okiring iko Walukuba, Jinja,
nyuma ya ghala lililowahi kuweka pamba.
Bati linavuja; tumeihamisha kompyuta mara mbili leo.
Kitufe cha N kiling'oka, nakibonyeza kwa ncha ya kalamu.

Nimeichora fremu yote, bomba kwa bomba:
kipenyo milimita thelathini na nane, unene mbili,
viungo arobaini na kimoja, kila kimoja na namba yake.
Nyuma nimeifunga isisogee.
Mbele nimeisukuma, kulia juu, kushoto chini,
kama mtu anayekamua shuka.
Kisha nikabonyeza, nikangoja.

Okiring hakungoja. Alikula chapati yake ya mayai
amesimama, miwani ya kuchomelea imekaa kwenye paji.
Yeye Mteso, mimi Msoga;
tunakutana kwenye Kiswahili alichorithi
kwa babake, fundi wa reli pale Tororo,
nami nilikiokota chuoni, kwa Wakenya wa bweni letu.
Mashine ina lugha yake: rangi.

Fremu ikaibuka kiooni, ikajinyonga
kama mlevi anayetafuta mlango.
Okiring akaruka. "Ndivyo litakavyokuwa, hilo gari?"
Hapana, fundi. Imekuzwa mara mia,
jicho lipate kuona. Kwa kweli
imesogea chini ya unene wa ukucha.
Akacheka mpaka yai likamdondoka.
"Basi ni kama shangazi yangu:
jambo punje, matanga siku saba."

Bluu karibu kote. Kijani mbavuni.
Manjano kidogo, paa linapokutana na nguzo.
Nyekundu hakuna.
Nikaandika daftarini: *inatosha, mara mbili na nusu,*
nikapigia mstari.

"Hii kumi na saba," akauliza, "nayo ni bluu?"
Bluu.
"Imejuaje nilivyoichomea?"

Haijui.
Kwake kila kiungo ni ahadi iliyotimizwa,
chuma na chuma vimekuwa mwili mmoja.
Haina mvua, haina nyaya zilizochoka,
haina Alhamisi ile umeme ulipokatika
katikati ya mshono, ukarudi, ukakatika tena,
na fundi, ada za watoto zikimpigia kelele kichwani,
akamalizia juu juu, akasugua, akapaka rangi.

Hayo alinieleza akiitazama chapati.
Kisha akachukua chaki,
akakizungushia kiungo duara, taratibu,
kama anayekiomba radhi.
"Chuma kina kinyongo, Injinia. Kinanyamaza tu."

Nikairudia hesabu.
Unene wa kumi na saba nikaukata nusu
(nusu ni kukisia; naye alikisia, akasema theluthi).
Betri asilimia kumi na moja.
Nikabonyeza.

Nyekundu ilianza kama tone la nyanya,
ikapanda nguzo, ikakaa
juu kidogo ya kiti
tulichokipima kwa mgongo wa Mwondha,
dereva wetu, ambaye saa hiyo hiyo
alikuwa amelala ndani yake, mdomo wazi,
kofia ngumu mapajani kama sufuria.

Okiring akamgusa bega. "Toka, baba. Nina kazi hapo."
"Kuna nini?"
"Rangi haijanipendeza."
Mwondha akatoka akipiga miayo,
akaenda kutafuta chai.
Msumeno ukalia. Cheche zikanirukia daftari,
zikatoboa vijitundu vitatu penye neno *inatosha.*
Sikuandika upya.

Ila jedwali langu lina safu mpya.
Baada ya kipenyo, baada ya unene,
mbele ya kila kiungo nauliza:
siku gani? Umeme ulikuwepo?
Okiring hujibu bila kunitazama,
na mara nyingine hukaa kimya kidogo kabla ya kujibu,
nami hukiandika kile kimya.

Programu haiisomi safu hiyo.
Kila nikiifungua huniuliza kama niifute.
Nabonyeza hapana, kwa ncha ya kalamu.